Je, Wajua? Joto la Dunia na Ahadi za Kulipunguza

Je, wajua kwamba bila gesi joto dunia hii isingekalika? Wastani wa joto lake ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi tulizozizoea. Hewa ukaa, methani na mvuke wa maji huzuia sehemu ya joto la jua lisirudi lote angani, na ndiyo maana tunaishi. Tatizo ni kuzidisha. Kabla ya viwanda kushamiri Ulaya, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420.

Je, wajua aliyeonyesha kwanza jambo hili kwa majaribio ni mwanamke? Mwaka 1856, huko Marekani, Eunice Foote alichukua mitungi ya kioo, mmoja akautia hewa ya kawaida na mwingine hewa ukaa, akaweka vipimajoto ndani yake na kuianika juani. Wenye hewa ukaa ulipata joto kali zaidi, na ulipoondolewa juani ukachelewa kupoa. Foote akaandika kwamba dunia iliyozungukwa na gesi hiyo kwa wingi ingekuwa na joto kubwa kuliko hili. Makala yake ilisomwa na mwanamume, Profesa Joseph Henry, mbele ya wanasayansi waliokutana Albany, kisha ikasahauliwa kwa zaidi ya karne moja. Kwa hiyo mtu akikwambia elimu hii imezuka juzijuzi kwa ajili ya siasa, mtajie mwaka huo.

Na hili je? Tangu 1958 kuna kituo juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, ambako Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa, na upimaji huo umeendelea kizazi baada ya kizazi. Vipimo vyake vya kwanza vilionyesha chembe 315 hivi kwa milioni. Kila mwaka mstari wa kipimo hushuka kidogo misitu ya kaskazini inapochanua na kuvuta hewa ukaa, hupanda tena majani yanapopukutika, lakini kwa jumla haujawahi kurudi chini.

Mwaka 2024 ndio uliokuwa na joto kubwa kuliko yote tangu vipimo vianze. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria kwamba ulizidi wastani wa kabla ya viwanda kwa takriban nyuzi 1.55. Mwaka mmoja kuvuka nyuzi 1.5 si kuvunjika kwa lengo la Makubaliano ya Paris la kutovuka kiwango hicho, kwa sababu lengo hilo hupimwa kwa wastani wa miaka mingi. Ila ni dalili mbaya.

Je, wajua joto hilo la ziada huenda wapi? Zaidi ya asilimia 90 humezwa na bahari. Bahari hufyonza pia karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa, na kwa kufanya hivyo maji yake yanazidi kuwa na asidi, takriban asilimia 30 zaidi kuliko kabla ya viwanda. Konokono wa baharini, chaza na matumbawe, vyote vinavyojenga magamba na mifupa ya chokaa, hupata taabu kujijenga katika maji ya namna hiyo.

Waulize wakulima wa mwani wa Zanzibar. Kilimo hicho kilishika kasi mwaka 1989 upande wa mashariki wa Unguja, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Bamvua linapoingia na maji kutoka mbali, huteremka pwani na kamba zao, wakapigilia vigingi, wakafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvuna. Kuna mwani mwembamba na kuna mwani mnene. Mnene ndio wenye bei, mara nyingi maradufu ya mwembamba au zaidi, lakini ndio usiostahimili maji ya moto. Maji ya kina kifupi yakipita nyuzi 30 kwa siku nyingi, matawi yake huingia mabaka meupe, yakalainika na kukatika, na mavuno yote yakachukuliwa na maji. Vijiji vingi vimebaki na mwembamba tu. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar, amekuwa akiwafundisha wakulima kuupeleka mnene kwenye kina kirefu, ndani ya mifuko mirefu ya nyavu, ambako maji yana ubaridi zaidi. Njia hiyo ni nzuri, ila inadai mtumbwi na inadai kujua kuogelea. Wanawake wengi waliozaliwa hatua chache kutoka baharini hawakufundishwa kuogelea. Ninapoisikia lugha ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi katika kumbi za mikutano, hapo ndipo ninapopimia: je, pesa za boti na za mafunzo zimemfikia yule mama mwenye kamba?

Je, wajua kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha zamani, wanasayansi wanatarajia matumbawe yapungue kwa asilimia 70 hadi 90? Ikifika nyuzi 2, zaidi ya asilimia 99. Wavuvi wa Mafia, Pemba na Watamu hawahitaji kuelezwa maana yake, kwani tasi, pono na changu hulelewa humo. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi sana magharibi mwa Bahari ya Hindi, na Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia nzima imo katika kipindi cha nne cha matumbawe kupauka.

Kasa naye: jinsia yake huamuliwa na joto la mchanga yalimofukiwa mayai. Mchanga ukiwa wa baridi huanguliwa madume mengi, ukiwa wa moto majike. Kaskazini mwa Miamba Mikuu ya matumbawe ya Australia, utafiti wa 2018 uliwakuta kasa wachanga karibu wote, asilimia 99, ni majike.

Twende bara. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji ya chini haina oksijeni kabisa. Huko chini ndiko kulikolala virutubisho, na kila mwaka upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu huyavuruga maji, virutubisho vikapanda juu, mwani mdogo ukastawi, dagaa wakala, migebuka nao wakala dagaa. Sasa tabaka la juu limepata joto, limekuwa jepesi, likaketi juu ya maji baridi kama mafuta juu ya supu, na upepo unashindwa kulivuruga kama zamani. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula ndani ya ziwa ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba huenda samaki wamepungua kwa asilimia 30 hivi kwa sababu hiyo pekee. Wavuvi wa Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie hulaumiwa mara kwa mara kwa nyavu zenye matundu madogo, na ni kweli uvuvi haramu upo. Lakini si haki kuwabebesha mzigo wote. Sehemu yake imetoka kwenye mabomba ya moshi yaliyo maelfu ya kilomita kutoka ziwani.

Je, wajua kwamba masika ya Afrika Mashariki yamewatatiza wataalamu kwa miaka mingi? Programu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa zinasema mvua za Machi hadi Mei zitaongezeka kadiri dunia inavyopata joto. Mashamba yameona mengine: tangu miaka ya 1980 masika yameelekea kuchelewa kuanza na kuwahi kuisha. Mkulima anayesubiri mvua ya kwanza ili apande mahindi hupoteza siku mwanzoni, akapoteza nyingine mwishoni, na mbegu ya siku 120 haimfai tena.

Kisha ukaja ukame ulioanza mwishoni mwa 2020. Misimu mitano mfululizo ilikosa mvua za kutosha Somalia, kusini mwa Ethiopia, kaskazini na mashariki mwa Kenya. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria 2023 kwamba ongezeko la joto liliufanya ukame wa aina ile uwezekane takriban mara 100 zaidi. Sababu kubwa waliyoitaja ni joto lenyewe, ambalo hunyonya hata ile mvua kidogo iliyoanguka kabla haijamfaa mtu wala mnyama. Mwaka huohuo vuli ikaja na mafuriko.

Ukame na mafuriko hayapingani. Kila joto linapoongezeka nyuzi moja, hewa huweza kubeba mvuke wa maji takriban asilimia 7 zaidi. Hunyonya zaidi kutoka ardhini pasipo na mvua, na humwaga zaidi kwa mkupuo palipo na mvua.

Je, wajua kwamba Afrika ina barafu ya kudumu sehemu tatu tu, Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, na kwamba zote zinatarajiwa kutoweka kufikia katikati ya karne hii? Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake kati ya 1912 na 2007. Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa sababu wapinzani wa sayansi hii hupenda kuushika mfano huu. Barafu ya Kilimanjaro haikuyeyuka tu kwa hewa ya moto. Hewa ya kule juu ilikauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikawa haba, na jua likaigeuza barafu kuwa mvuke bila hata kupita kwenye hali ya maji. Mabadiliko hayo ya mvua na unyevu nayo yanafungamana na hali ya Bahari ya Hindi. Na jambo jingine: maji yanayotiririka kuelekea Moshi na Marangu hutoka kwa sehemu kubwa sana kwenye msitu wa mlimani, kidogo mno kwenye barafu. Barafu ikiisha tutaumia, lakini moto ukiumaliza msitu ndipo mifereji ya Wachaga itakapokauka. Mimi ningeanza kulinda hapo.

Na joto haliishii mchana. Juni 2018, mji wa Quriyat kwenye pwani ya Oman ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku wa manane.

Mbuni wa arabika nao hauupendi usiku wenye joto. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba kila joto la chini la siku linapopanda kwa nyuzi moja, hekta moja hupoteza takriban kilo 137 za kahawa kwa mwaka.

Je, wajua nani hutoa gesi joto hizi? Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani, hutoa takriban asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa takriban tani 14 kwa mwaka. Mkenya au Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Maana yake, kiasi anachotoa mtu wa Singida mwaka mzima, mtu wa Texas hukimaliza kabla wiki mbili hazijapita. China ndiyo inayotoa nyingi zaidi kwa sasa, karibu thuluthi moja ya zote, lakini hewa ukaa hukaa angani kwa karne nyingi, na katika jumla iliyokusanyika tangu viwanda vianze, Marekani bado inaongoza.

Saruji pekee inachangia asilimia 7 hivi ya hewa ukaa ya dunia, na hata tanuri lake lingewashwa kwa umeme wa jua tatizo lisingeisha. Mawe ya chokaa yakichomwa huachia hewa ukaa iliyofungwa ndani yake.

Ng'ombe wanachangia pia, na wengi hudhani ni kwa kujamba. Sehemu kubwa ya methani yao hutoka kwa kucheua. Ndani ya miaka 20, methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, ingawa haidumu hewani kwa muda mrefu. Jijini Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ina vyumba maalumu ambamo ng'ombe huingizwa, akalishwa, na pumzi yake ikapimwa. Kazi hii ina thamani kubwa, kwa sababu kwa miaka mingi ng'ombe wetu walihesabiwa kwa makadirio yaliyotokana na mifugo ya nchi nyingine, na walipopima samadi ya hapa walikuta inatoa gesi kidogo kuliko ilivyokadiriwa.

Je, wajua kilicholala chini ya misitu ya kinamasi katikati ya Bonde la Kongo? Mboji. Ni tabaka nene la majani na magogo yaliyozama majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza yakaisha. Ramani yake ya kwanza kamili ilichapishwa 2017, na ukubwa wake, kilomita za mraba 145,500, unaizidi England. Wanasayansi walikadiria kuwa mboji hiyo imefunga takriban tani bilioni 30 za kaboni, sawa na kile ambacho dunia nzima hukitoa kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi kwa miaka mitatu hivi. Ikikaa na maji, iko salama. Ikichimbwa mifereji na kukauka, huoza au huungua, na kaboni yote ikapanda juu. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 30 vya mafuta na gesi, baadhi vikigusa eneo hilo. Kelele zilipigwa kutoka Ulaya na Marekani, na kwa hakika kuchimba pale lingekuwa kosa kubwa. Ila Wakongo walipouliza watalipwa nini ili waiache mboji yao ilivyo, hawakupata jibu la maana, na swali lao lilikuwa la haki.

Tugeukie mikataba. Jopo la wanasayansi linaloishauri dunia kuhusu tabianchi, maarufu kwa jina IPCC, liliundwa 1988 na mashirika mawili, moja likiwa ni lile la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Mamia ya waandishi wa ripoti zake hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo.

Mkataba mama wa tabianchi ulifunguliwa kwa saini Rio de Janeiro 1992 na kuanza kutumika Machi 1994. Tangu 1995 nchi wanachama hukutana karibu kila mwaka katika mikutano iitwayo COP. Je, wajua kwamba hadi leo hazijawahi kuidhinisha kanuni za mikutano yao? Zilishindwa kukubaliana kuhusu upigaji kura, hivyo kila uamuzi sharti upite kwa maafikiano, na nchi chache zinazoishi kwa kuuza mafuta zinaweza kulitia maji neno lolote lililo kali. Msomaji anayejiuliza mbona maazimio ya COP hutoka yamelegea, jibu kubwa ni hilo.

Itifaki ya Kyoto ya Desemba 1997 ilizitaka nchi zilizoendelea zipunguze gesi sita kwa wastani wa asilimia 5 hivi chini ya kiwango cha 1990. Miezi michache kabla yake, Seneti ya Marekani ilikuwa imepiga kura 95 kwa 0 kwamba isingekubali mkataba usiozibana pia nchi zinazoendelea. Marekani ikatia saini, haikuridhia kamwe. Itifaki ilisubiri Urusi, ikaanza kutumika Februari 2005. Kanada ikatangaza kujitoa 2011.

Ahadi ni deni. Copenhagen, 2009, nchi tajiri ziliahidi kwamba kufikia 2020 zitakuwa zikitoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini. Kwa hesabu za nchi hizo zenyewe, kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Fikiria hilo kidogo: nchi iliyopigwa na kimbunga isichokisababisha inakopeshwa ili ijijenge, kisha inalipa na riba. Baku, 2024, ikatolewa ahadi mpya ya dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Nchi zinazoendelea zilikuwa zimeomba trilioni 1.3.

Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya nchi za visiwa, ilipendekeza uwepo mfuko wa kuwafidia wanaozamishwa na bahari. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Miaka 31. Ahadi zilizotolewa kwake hadi 2025 hazikufika dola bilioni 1, ilhali mafuriko ya Pakistan ya mwaka 2022 peke yake yaliigharimu nchi hiyo takriban dola bilioni 30.

Tuvalu, nchi ya visiwa katika Pasifiki yenye watu wapatao 11,000, imeingia mkataba na Australia unaowaruhusu watu 280 kila mwaka kuhamia huko.

Makubaliano ya Paris ya 12 Desemba 2015 yaliacha kila nchi ijipangie kiwango chake na kukipandisha kila miaka mitano. Je, yamesaidia? Kabla ya Paris, makadirio yalitupeleka kwenye nyuzi karibu 4 mwishoni mwa karne. Ripoti ya UNEP ya 2025 inasema sera zilizopo zinatupeleka kwenye takriban nyuzi 2.8. Tofauti hiyo ni watu wengi walio hai, na mashamba mengi. Lakini nyuzi 2.8 ni dunia ambayo sipendi wajukuu wetu waikute. Marekani ilijitoa 2020, ikarejea Februari 2021, na Januari 2025 Rais Donald Trump akatia saini amri ya kujitoa tena.

Je, wajua kwamba wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini walilisukuma suala hili mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki? Walianza 2019, Vanuatu ikalibeba hadi Umoja wa Mataifa, na tarehe 23 Julai 2025 majaji wa The Hague, akiwemo makamu wa rais wa mahakama hiyo, Julia Sebutinde wa Uganda, wakatoa maoni kwa kauli moja: nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi, na inayoukiuka inaweza kudaiwa fidia. Maoni hayo hayamlazimishi mtu kama hukumu, lakini mawakili wa nchi maskini sasa wana pa kushika.

Vitendo navyo vipo. Uingereza, iliyofungua kituo cha umma cha umeme wa makaa ya mawe London mwaka 1882, ilikizima kituo chake cha mwisho cha aina hiyo, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Kenya kwa upande wake hupata asilimia 40 hivi ya umeme wake kutoka jotoardhi, hasa ya Olkaria, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa 1981.

Gazi, Kwale: tangu 2013 wanakijiji hulinda mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ukaa inayofyonzwa. Msitu ni wa hekta 117 tu. Mapato yamevuta maji ya bomba na kusaidia shule, na wakubwa wa miradi ya kaboni yenye maelfu ya hekta wangefaa kwenda kujifunza pale jinsi kijiji kinavyokaa na kuamua chenyewe fedha ziende wapi.

Tanzania imejiwekea lengo kwamba kufikia 2034 asilimia 80 ya wananchi wapike kwa nishati safi. Maana yake ni kuuacha mkaa, na mkaa una mlolongo mrefu wa watu wanaoutegemea kwa riziki, kuanzia mchomaji wa Kilosa hadi mama anayeuza kwa kopo Manzese, na mpango wowote usiowapa kazi nyingine utashindwa.

Nimeuacha mwisho mkataba ninaoupenda kuliko yote. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilipiga vita gesi za friji zilizokuwa zikitoboa tabaka la ozoni. Ilikuwa na orodha ya gesi na ratiba ya kuzipunguza, na baadaye ikapata mfuko wa kuzilipia nchi maskini gharama. Kila nchi ya Umoja wa Mataifa imeiridhia, na ozoni inapona. Ila gesi mbadala, za kundi la HFC, ingawa haziidhuru ozoni, hupasha dunia joto kupita kiasi. Ndipo wajumbe walipokutana Kigali, wakakesha, na asubuhi ya 15 Oktoba 2016 wakakubaliana kuzipunguza nazo. Marekebisho ya Kigali yanakadiriwa kutuepusha na joto la hadi nusu nyuzi kufikia 2100. Nusu nyuzi, kutokana na friji na viyoyozi tu! Kundi kubwa la nchi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika, lilipangiwa kutozidisha gesi hizo kuanzia 2024, kuzikata kwa asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045. Tarehe zimeandikwa, viwango vimeandikwa, na forodha inajua cha kukagua.

Unaweza kuuona mkataba huo nyumbani kwako. Geuza friji, tafuta kibandiko kilicho nyuma, chini karibu na kompresa, au ubavuni ndani ya mlango. Ukikuta R134a, kilo moja ya gesi hiyo ikivuja hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,300 za hewa ukaa. Viyoyozi vingi vina R410A, ambayo ni takriban mara 2,000. Ukikuta R600a, athari yake ni ndogo mno, lakini hushika moto, kwa hiyo usimwachie kila mtu aifungue. Friji za mitumba zinazoshushwa bandarini mara nyingi huwa na gesi za zamani, na ndizo zinazokula umeme zaidi. Friji ikiacha kugandisha, mafundi wengi hukata bomba, gesi iliyobaki ikaishia hewani, wakajaza nyingine. Fundi aliyefunzwa huinyonya kwanza kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi. Muulize fundi wako kama ana mashine hiyo kabla hajashika koleo.